Wapatanishi Kutoka Miongoni Mwetu

Mada iliyotolewa katika maadhimisho ya Jubilei ya Miaka 100 ya Usharika



Nimepewa nafasi ya kuzungumza juu ya uongozi na amani. Katika Jubilei hii tumewataja wamisionari waliotuletea Injili, na ni haki kuwataja. Lakini yatupasa pia kukumbuka kwamba mwaka 1920, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, wamisionari Wajerumani waliondoshwa Tanganyika. Kanisa changa likabaki mikononi mwa walimu, wainjilisti na wazee wenyeji, ambao wengi wao hawakuwa wamewekewa mikono. Kazi haikufa, kwa sababu mbegu ya uongozi ilikwisha kupandwa vijijini. Naamini kuwa amani nayo husimama kwa njia hiyo hiyo.

Niruhusuni niungame jambo moja. Nikiwa bado mchungaji kijana, nilitumwa katika usharika wa bondeni, mahali ambapo wakulima na wafugaji waligombea maji kila kiangazi. Ng'ombe waliingia mashambani, nao wenye mashamba wakawakata kwa mapanga. Nikaitisha mkutano wa amani. Viongozi wa serikali walikuja, wenyeviti walikuja, tukasali, tukatia sahihi, tukala pilau. Kabla mwezi mwingine haujaandama, kijana mmoja wa wafugaji alipigwa hata akapoteza jicho.

Nilipofuatilia, nikakuta chanzo chake ni uvumi kwamba mifugo ilikuwa imewekewa sumu, nao wenye mifugo wangelipiza kisasi usiku ule. Asubuhi uvumi ulikuwa kisimani, adhuhuri ukafika kwenye mashine ya kusaga, na jioni vijana wakashika silaha. Katika mkutano wangu hapakuwa na mtu hata mmoja wa kisimani wala wa mashineni. Tena wazee wangu wa Kanisa wote walikuwa wakulima. Wafugaji walituhesabu sisi kuwa upande mmoja wa ugomvi, na kwa kweli hawakukosea.

Mambo haya si madogo. Desemba 2000, katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni wilayani Kilosa, watu 38 waliuawa katika ugomvi wa wakulima na wafugaji. Ugomvi wa namna hiyo hauanzi siku ya mauaji. Huanza pale majirani wanapoacha kusalimiana, na hakuna mtu wa kuwauliza kulikoni.

Maandiko yanatufundisha nini? Katika Matendo ya Mitume sura ya 6, wajane wa Kiyunani walisahauliwa katika huduma ya kila siku. Mitume hawakujitwika kazi ile wenyewe, wala hawakuwakaripia walionung'unika. Waliwaambia watu wachague saba kutoka miongoni mwao. Tazameni majina ya wale saba, kuanzia Stefano hata Nikolao: yote ni ya Kiyunani. Kusanyiko liliwakabidhi meza wale wa upande ulioonewa. Hiyo ndiyo hekima ambayo mimi, pamoja na elimu yangu ya chuo cha theolojia, niliikosa kule bondeni.

Mfano wa pili unatoka kwa ndugu zetu Waislamu, wala tusione haya kujifunza kwao. Huko Wajir, kaskazini mashariki mwa Kenya, koo za Wasomali zilipigana vikali tangu mwaka 1992. Wanawake wachache, Dekha Ibrahim Abdi akiwa mmoja wao, walianzia sokoni, ambako wanawake walikuwa wamekataa kuuziana kwa sababu ya ukoo. Walikubaliana kwamba kila mwanamke anunue na kuuza kwa uhuru, wakaweka watu wa kulisimamia jambo hilo. Kisha wakawaendea wazee. Wazee wa koo ndogo, zisizoogopwa na mtu, wakawa daraja la kuzikutanisha koo kubwa. Mwaka 1993 wakafikia Azimio la Al-Fatah, na mwaka 1995 kamati yao ikaingizwa katika mipango ya maendeleo ya wilaya. Dekha alipewa Tuzo ya Right Livelihood mwaka 2007, akafariki mwaka 2011. Lakini kazi ile ilikwisha kuwa ya wengi, na kamati za amani za namna hiyo zilienea katika wilaya nyingine za Kenya.

Basi, sisi tufanye nini? Kwanza, tuwatambue watu ambao majirani tayari huwaendea wakiwa na shida: mama wa kisimani, kijana wa mashineni, mkunga, mchungaji wa ng'ombe anayezijua njia zote. Huenda hawana cheo, na wengine si Walutheri. Pili, tuwaandae. Wajifunze kusikiliza pande mbili kabla ya kusema, kupima uvumi kwa kwenda kuona, na kutunza siri. Wajifunze pia sheria. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, Baraza la Ardhi la Kijiji lina wajumbe saba, watatu wao wanawake, na kazi yake ni kusuluhisha. Ni wangapi wetu wanaowajua wajumbe wa kijiji chao? Tatu, tusiwaache peke yao. Mpatanishi huitwa msaliti na watu wa kwao kabla hajaaminiwa na wengine. Siku hiyo anahitaji usharika unaosimama nyuma yake.

Ndugu zangu, miaka mingi baadaye nilimtembelea yule aliyepoteza jicho. Alinikaribisha maziwa, akaniambia kwa upole, "Mchungaji, siku ile mliita wakubwa wote. Sisi hamkutuita." Sikuwa na jibu, nami sina hata leo. Ninalo ombi tu kwa Baraza la Wazee: Jubilei itakapokwisha, chukueni orodha ya viongozi wetu, mwulize ni nani katika kata hii ambaye jina lake halimo, kisha mwendeeni nyumbani kwake.

Bwana wa amani awape amani siku zote. Amina.