Kijana Aliyetuongoza Mtoni



Siku moja mgeni wangu alitaka kuvua trauti katika Mto Kiptiget, huku kwetu kwenye majani chai. Samaki huyo si wa asili yetu. Aliletwa Kenya kutoka Uskoti mwaka 1905, naye hupenda maji baridi. Tukapata kijana wa kutuongoza, mchuma chai aliyeishia darasa la nne.

Karibu na ukingo akanong'ona, "Mchungaji, tuteremke kwanza, ndipo tupande polepole. Samaki huyu huelekea mkondo unakotoka. Ukitokea juu, amekwisha kukuona."

Mgeni alimtii, akainama kama yeye. Mimi, msomi wa chuo cha theolojia, nilipita juu wima, na kivuli changu kikatangulia majini. Mgeni alipata samaki wawili. Mimi nilipata matope, tena katika viatu vya Jumapili.

Jioni nilifungua Luka, sura ya 5. Petro, mvuvi hasa, amekesha bure; na anayemwambia ashushe nyavu ni seremala wa Nazareti. Habari hiyo nimeihubiri mara nyingi! Lakini usiku ule nilimkumbuka mama mmoja, mchuma chai, aliyenijia mara mbili kuniambia kwamba mtoto fulani kambini halali kwao. Nilimjibu kwamba mambo hayo yana kamati.

Ndugu msikilizaji, kulipopambazuka nilikuwa mlangoni pake, kabla hajachukua kapu lake. Nikamwomba anieleze tena, tangu mwanzo.