Mtwa Naye Aandikwe
(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wananchi)



Nimeombwa niseme juu ya hospitali. Nitaanza na karatasi, kwani katika inchi yetu karatasi na hospitali ni ndugu. Wazazi wetu walitusimulia. Mwaka wa 1948 Wabelgiji walileta karte ya kumpa mtu mweusi aliyeonekana mwema, na mwaka wa 1952 wakaongeza ile ya immatriculation. Walikuja mpaka nyumbani kuangalia meza na vijiko! Na hospitali ya mzungu ilikuwa upande wake, ya mweusi upande wake. Tarehe 30 Juni 1960 tulisema mambo hayo yamekwisha.

Je, kwa Mtwa yamekwisha?

Mimi ni munganga wa wazazi. Katika hospitali moja, jina lake nitaliacha, niliona mama Mtwa aliyepasuliwa ili mtoto atoke. Mtoto mzima, mama mzima. Siku ya kwenda nyumbani wakamwambia: lipa. Hakuwa na franka hata moja. Wakamshika pale, kitanda cha karibu na mlango, wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu, mume wake akilima shamba la watu kutafuta deni. Wagonjwa wenzake ndio waliomlisha. Alipoachwa, mtoto hakuwa na jina katika buku lolote la serikali. Mama naye hana. Bibi hakuwa nalo.

Mtasema, mbona hawalipi kama sisi? Ndugu, waulizeni wa Kahuzi-Biega. Park ile ilifanywa mwaka wa 1970, ikapanuliwa mwaka wa 1975, na Watwa wakafukuzwa katika msitu wao. Dawa zao zilibaki mle ndani, na chakula chao pia. Mwaka wa 2024 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilitangaza hukumu yake kwamba serikali ilivunja haki zao. Mtu aliyenyang'anywa msitu anafika hospitalini mikono mitupu, nasi tunamwita mvivu.

Sheria haikosekani. Katiba ya 2006 inasema Mkongomani ni yule ambaye kabila lake lilikuwa katika inchi hii wakati wa uhuru. Basi nani alitangulia hapa kuliko Mtwa? Tena kuna sheria namba 22/030 ya tarehe 15 Julai 2022, iliyotengenezwa kwa ajili yao hasa. Inataka wafikie hospitali na tribunali bila taabu, na inaheshimu dawa zao za miti. (Dawa hizo wengi wetu tunazifuata usiku, na mchana tunawacheka wenyewe.)

Lakini sheria itamjuaje mtu asiyeandikwa? Tangu mwaka wa 2016 mtoto anapaswa kuandikwa katika siku 90, bila malipo. Zikipita, lazima tribunali itoe hukumu, na tribunali iko mbali, nayo inataka safari na feza. Hivyo mtoto anakua bila cheti. Akiwa mkubwa anaomba kadi ya mchaguzi, ambayo kwa miaka mingi ndiyo imeshika nafasi ya kitambulisho, anaulizwa: wewe ni nani?

Wala tusitupe kosa lote kwa serikali. Kwenye benchi ya dispanseri, nani anasema, "Wewe Mtwa, ngoja wengine wapite"? Si waziri. Ni sisi tuliokaa hapa.

Sasa nasema neno la kazi. Mama Mtwa hatakwenda ofisini kwa mtu anayemtukana, lakini siku ya chanjo anakuja, nimemwona. Chanjo ya wiki 6 na ile ya wiki 10 ziko ndani ya siku 90. Ile ya wiki 14 imekwisha kuchelewa, siku 98. Basi buku la vizazi lisikae likingoja ofisini, lije dispanserini siku hiyo pamoja na mwandishi wake. Mtoto akichomwa sindano, aandikwe papo hapo, Mtwa na asiye Mtwa, katika mstari mmoja.

Kesho asubuhi nakwenda kwa shefu kuomba jambo hilo. Sitaki kwenda peke yangu, na sitaki kwenda bila Watwa wenyewe. Anayekubali kufuatana nami ampe katibu jina lake kabla ya kutoka.