Ukishaipita Buhongwa

Msikilizaji, ukitoka Mwanza mjini kwa barabara ya Shinyanga, ukishaipita Buhongwa ya Nyamagana unaingia Usagara, wilaya ya Misungwi. Mpaka huuoni, lakini utawala umebadilika. Nyamagana ni jiji, kata zake zina mitaa. Misungwi ni halmashauri ya wilaya: kata zina vijiji, vijiji vina vitongoji. Kijijini, mkutano mkuu ni wa kila mkazi aliyefikisha miaka 18, na hapo mapato na matumizi husomwa hadharani (wengi hawaendi, kisha wanalalamika kilabuni). Upande wa jijini, sensa ya 2012 ilihesabu watu 363,452 Nyamagana. Ya 2022, zaidi ya 590,000. Jiji linafurika. Basi ukitafuta ardhi kijijini huko Misungwi, usiishie kwa dalali. Fika kwa mtendaji wa kijiji.