Pawa Saplai, Feni na Vumbi: Kuitunza Seva ya Nyumbani

Mazungumzo kwa wenye saiba, walimu na vijana wa kompyuta, Kaunti Ndogo ya Kenyenya



Kompyuta nyingi zinazofanya kazi Kenyenya hazikununuliwa zikiwa mpya. Zilianza maisha katika ofisi za Ulaya na Marekani, zikaletwa Nairobi, kisha zikapanda gari hadi Kisii. Mashine ya aina hiyo ikiongezewa diski mbili au tatu hugeuka seva nzuri ya nyumbani. Mwalimu huweka humo Kiwix, ili wanafunzi wasome kamusi elezo ya Wikipedia bila kununua bando. Mpiga picha huhifadhi harusi na mazishi ya miaka kumi. Mwenye saiba huhifadhi fomu za HELB, za KUCCPS na za KRA ambazo wateja wake watakuja kuziulizia tena.

Siku seva hiyo inapokataa kuwaka, mara nyingi kilichokufa si diski wala ubao mkuu. Ni pawa saplai, lile sanduku dogo la bati linalopokea stima ya volti 240 na kuigeuza kuwa volti 12, 5 na 3.3. Sanduku lenyewe si ghali. Lakini likibadilishwa vibaya, linaweza kuua diski zote kwa sekunde moja, na picha za mazishi ya mzee hazinunuliki popote.

Kwa hiyo, kama seva bado inawaka hata kwa kusitasita, kazi ya kwanza ni kunakili faili kwenye diski ya nje. Na kama inapelekwa kwa fundi, diski zibaki nyumbani. Fundi hazihitaji ili kupima pawa saplai, na nakala za vitambulisho vya wateja ni dhamana ya aliyezipokea. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamgusa mwenye saiba kama inavyoigusa benki.

Sasa kununua. Mashine za ofisini za Dell na HP, hasa zile nyembamba, nyingi hazitumii plagi ya kawaida ya pini 24. Zina plagi za pini 6 au 8 za kampuni yenyewe, na hata umbo la sanduku ni lao. Mtu anayetoka Kenyenya hadi Kisii mjini kununua pawa saplai kwa kukisia hurudi na kitu kisichoingia. Dawa ni nyepesi: aifungue ile mbovu, aende nayo dukani mkononi, au angalau apige picha ya lebo na ya kila plagi.

Dukani, asome lebo na wala si maandishi makubwa ya katoni. Katoni inaweza kusema wati 450. Kwenye lebo, atafute mstari wa volti 12 na ampea zake, kisha azidishe. Ikiwa ni ampea 14, hizo ni wati 168 tu, na ndizo zinazolisha prosesa, feni na mota za diski. Seva ndogo ikitulia hutumia wati 30 au 40 hivi. Kipindi kigumu ni kuwaka: diski moja kubwa inapoanza kuzunguka inaweza kuvuta hadi ampea 2 za volti 12, yaani wati 24. Diski nne zikianza pamoja hukaribia wati 100 kabla ya prosesa kudai chochote. Pawa saplai ya kweli ya wati 300 inatosha bila wasiwasi. Ya wati 1,000 ni kupoteza pesa. Uzito pia husema: sanduku jepesi kama kopo tupu mara nyingi limepunguziwa shaba ndani.

Nyuma ya pawa saplai za zamani kuna swichi ndogo nyekundu yenye 115 upande mmja na 230 upande wa pili. Mashine iliyotoka Marekani inaweza kuwa imewekwa kwenye 115. Ikichomekwa hivyo katika soketi ya Kenya, mlio wake husikika hadi duka la jirani, kisha moshi. Swichi hiyo iangaliwe kabla waya haujagusa ukuta. Pawa saplai nyingi za sasa hazina swichi hiyo kwa sababu hujirekebisha zenyewe.

Kosa linalouma zaidi liko kwenye kebo. Kuna pawa saplai ambazo kebo zake huchomoka pande zote mbili. Upande wa diski umesanifishwa dunia nzima. Upande wa sanduku haukusanifishwa. Kila kampuni hupanga pini zake inavyotaka, na hata kampuni moja hubadilisha mpangilio kati ya modeli na modeli. Kijana anaondoa pawa saplai ya zamani, anaacha kebo zake ndani kwa sababu zimeshafungwa vizuri, anachomeka ile mpya. Plagi zinaingia barabara. Anabonyeza swichi, na volti 12 zinaingia palipotakiwa 5. Diski zote zinakufa pamoja, ile ya nakala ikiwemo ikiwa nayo imo kashani. Pawa saplai mpya iende na kebo zake, na za zamani zote zitolewe hata kama kazi hiyo inakula asubuhi nzima. Tahadhari kama hiyo inahusu vile viunganishi vya bei ya chini vinavyogeuza plagi ya zamani ya pini nne kuwa plagi bapa ya diski: vile ambavyo plastiki yake imeyeyushwa juu ya nyaya vimejulikana kwa kushika moto.

Jambo moja halina majadiliano. Sanduku la pawa saplai lenyewe halifunguliwi. Ndani yake kuna kapasita zinazoshika zaidi ya volti 300, na huweza kubaki nazo baada ya plagi kutolewa ukutani. Fundi aliyezoea kulehemu redio anajua; kijana aliyejifunza jana kwenye video huenda hajui.

Joto ni adui mwingine, na hapa Gusii lina sura mbili. Hali ya hewa ni ya baridi kuliko Kisumu au Mombasa, kwa hiyo watu hudhani seva haina shida. Lakini Kisii mjini uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko ni nyepesi kwa asilimia 15 hadi 20. Hewa nyepesi hubeba joto kidogo. Ndiyo sababu watengenezaji wa seva hushusha kiwango cha joto la chumba wanachoruhusu kadiri mtu anavyopanda mlima. Halafu kuna paa la mabati, ambalo saa nane mchana hugeuza chumba kidogo kuwa tanuri.

Juu ya hayo kuna vumbi: la barabara ya maramu, la moshi wa jikoni, na kwa ndugu wa upande wa Tabaka, unga mweupe wa mawe ya sabuni yanayochongwa. Vumbi likijaa kati ya mapezi ya kipoza joto, feni huzunguka kwa kelele bila kupitisha kitu. Mende nao hupenda ndani ya pawa saplai kwa kuwa pana joto na giza.

Wengi hutatua joto kwa kuondoa kifuniko cha kasha na kuelekeza feni ya mezani. Inaonekana ni akili, lakini kasha lilipangwa ili hewa iingie mbele, ipite juu ya diski, kisha itokee nyuma. Kifuniko kikitolewa, hewa huchukua njia ya mkato na diski zilizo mbele zinaweza kuwa moto zaidi kuliko awali, huku vumbi likiingia kutoka kila upande. Afadhali kasha lifungwe na njia ya hewa isafishwe.

Feni yenyewe huonyesha mwelekeo wake: hewa hutokea upande ule wenye mikono inayoshikilia mota. Katika mashine nyingi ndogo, feni ya pawa saplai ndiyo pia inayotoa hewa moto nje, kwa hiyo pawa saplai mpya iwekwe ikitazama kama ya zamani. Kasha ambalo pawa saplai yake iko chini na huvuta hewa kutoka sakafuni lisikae juu ya zulia wala kitambaa cha kufuma, hata kama mama mwenye nyumba amekifuma vizuri. Nyuma yake pabaki angalau upana wa kiganja hadi ukutani.

Kusafisha hufanywa nje, mashine ikiwa imechomolewa, kwa brashi laini na pampu ya mkono. Feni ishikwe kwa kidole isizunguke inapopulizwa. Kompresa ya wanaoziba pancha haifai: hutema maji na mafuta pamoja na hewa. Kipoza joto cha prosesa kikitolewa, krimu ya zamani ifutwe kwa spiriti na mpya itiwe, tone la ukubwa wa njegere.

Joto lisikisiwe kwa mkono. Programu za bure zipo: smartmontools na lm-sensors kwenye Linux, CrystalDiskInfo kwenye Windows. Diski ya kuzunguka ikikaa kati ya nyuzi 30 na 45 iko salama; ikipita 50 mara kwa mara, kuna jambo la kurekebisha. Prosesa huvumilia zaidi, na ikikaribia 100 hujipunguzia kasi yenyewe.

Stima ya kukatika haina budi kutajwa. Kampuni ya BRCK ya Nairobi, ilipotengeneza kifaa chake cha intaneti mwaka 2013, ilikipa betri ya ndani ya saa nane kwa sababu ilijua mazingira yake. Kompyuta ya ofisini haina betri hiyo. UPS ndogo huipa seva dakika za kujizima kwa utaratibu, na betri yake hubadilishwa kila baada ya miaka mitatu hadi mitano. Asiye na UPS azime seva ukutani stima inapopotea, na asiiwashe hadi dakika chache zipite tangu irudi.

Radi ya Gusii haina mzaha. Huua watu na ng'ombe, na hakuna kinga ya soketi inayoisimamisha ikipiga karibu. Mawingu yakianza kunguruma alasiri, plagi itolewe ukutani na waya wa mtandao utolewe pia. Wengi hukumbuka wa stima na kuusahau wa mtandao, na radi huingilia huo.

Pawa saplai mpya ikishafungwa, seva iwashwe mara ya kwanza bila diski hata moja. Feni zizunguke, skrini ionyeshe maandishi, na kusiwe na harufu ya kuungua. Izimwe, ichomolewe, iunganishwe diski moja ambayo haina kitu cha thamani, iwashwe tena. Ikikaa sawa, zifuate nyingine. Baada ya saa moja ya kazi kifuniko kikiwa kimefungwa, joto lisomwe na liandikwe kwenye kipande cha utepe wa karatasi pamoja na tarehe, kibandikwe ubavuni mwa kasha. Miezi sita baadaye, siku ya kusafisha, namba hiyo italinganishwa na mpya.