Uyoga wa Kidonge na Uyoga wa Chungu



Miongoni mwa bidhaa zinazonadiwa siku hizi kwa watu wanaotaka kupunguza unene, zimo kahawa na vidonge vilivyotiwa unga wa lingzhi, uyoga mgumu, mchungu, ambao Wachina wameutumia katika utabibu wao tangu karne nyingi. Naye muuzaji, aghalabu jamaa au jirani aliyesajiliwa kuuza na kusajili wengine, huapa kwamba mafuta ya tumbo yatayeyuka.

Madai hayo si uzushi mtupu. Mwaka 2015 wataalamu wa Taiwan waliwalisha panya chakula chenye mafuta mengi, wakawanywesha baadhi yao maji ya lingzhi, na hao wakanenepa kwa kiasi kidogo kuliko wenzao, kwa kuwa vijidudu vya matumboni mwao vilibadilika. Hata kinyesi chao kilipotiwa matumboni mwa panya wengine, hao nao wakapata nafuu. Lakini panya yule hakupita kwa muuza viazi karai jioni. Mwaka huohuo jopo la Cochrane, mtandao wa wataalamu wanaopima ushahidi wa tiba, lilipochambua majaribio matano ya lingzhi kwa wanadamu, wengi wao wenye kisukari, halikupata ithibati ya kutosha kuwashauri watu waitumie kwa sukari wala kwa kinga ya moyo.

Kwa rai yangu, heri uyoga wa kupikwa chunguni. Mwaka 2013 ilitangazwa habari ya watu wanene 73 nchini Marekani waliofuatwa mwaka mzima, na wale walioweka uyoga wa kawaida mahali pa nyama nyekundu wakapungua takriban kilo tatu. Gharama za utafiti huo, ni haki niseme, zilitolewa na wakulima wa uyoga. Walakini sababu ya kupungua huko ni bayana, kwani uyoga mbichi karibu wote ni maji, na gramu 100 zake hazifiki kalori 40. Faida hiyo, bila shaka, hupotea ukiupika kwa kasimele tupu. Tui la pili latosha.

Na yeyote anywaye warfarin ya kuzuia damu kuganda, au dawa za sukari, asianze lingzhi kabla ya kulipeleka kopo lenyewe kwa tabibu wake, katika hospitali ya Likoni au ya Port Reitz, kwa maana uyoga huo waweza kuzidisha nguvu ya dawa hizo, damu ikakawia kuganda au sukari ikashuka kupita kiasi.