Nauli za London: Jaji, Diwani na Mpiga Kura



Mwezi Mei 1981 wakazi wa London walichagua Baraza Kuu la mji wao. Chama cha Labour kiliahidi hadharani kupunguza nauli za mabasi na treni kwa asilimia 25, na pengo lizibwe kwa kodi ya majengo. Kilishinda, na mwezi Oktoba nauli zikashuka.

Halmashauri ya Bromley, iliyotakiwa kuchangia kodi hiyo ilhali haikuwa na hata kituo kimoja cha reli ya chini ya ardhi, ilikwenda mahakamani. Desemba 1981 majaji watano wa Baraza la Malodi, wakati ule mahakama ya juu kabisa ya Uingereza, walitamka kwa kauli moja kwamba hatua hiyo ilivunja sheria. Sheria ya mwaka 1969 ilitaka usafiri uendeshwe kiuchumi, na Baraza lilikuwa na wajibu kwa walipa kodi. Machi 1982 nauli zikapanda karibu maradufu.

Hukumu hiyo ilikuwa na hoja nzito. Baraza halina madaraka ila yale lililopewa na sheria. Wingi wa kura haugeuzi haramu kuwa halali. Tena makampuni, yaliyobeba sehemu kubwa ya kodi, hayakuwa na kura.

Hata hivyo, kuuliza kama madaraka yapo ni kazi ya jaji. Kupima mlipa kodi ambebe abiria kwa kiasi gani ni kazi ya diwani. Diwani akikosea, wananchi humwondoa. Jaji hapigiwi kura. Neno moja lisilo wazi ndilo lililohamisha uamuzi huo kutoka mikononi mwa mmoja hadi kwa mwingine.

Mwaka 1983 Baraza lilileta mpango mpya, uliopima kwa makini gharama na manufaa. Mahakama Kuu iliukubali, na nauli zikapunguzwa tena. Bunge lililivunja Baraza hilo mwaka 1986, lakini fundisho halikuvunjwa. Mtunga sheria aandike wazi. Mtumishi anayeandaa mpango aweke hesabu na sababu zake katika jalada. Hapo mahakama italinda mpaka wa madaraka, na sera itahukumiwa na wenyewe: wananchi.