Kunguru wa Peponi

Leo nilikuwa nimeandaa mambo mengine kabisa, lakini ujumbe mmoja umenibadilishia kipindi. Msikilizaji wetu anasema kwenye mwembe wa kwao kuna yule ndege mdogo mwenye kichwa cheusi na mgongo wa rangi ya kutu, dume lake lina mkia mrefu kama utepe. Anauliza: mbona kitabu kinasema ana nasaba na kunguru?

Ndugu yangu, umenigusa penyewe!

Mwaka 1758 Carl Linnaeus, yule Mswidi aliyevipa viumbe majina mawili mawili ya Kilatini, alimwandika ndugu wa ndege huyu anayeishi Bara Hindi kwa jina Corvus paradisi. Kunguru wa peponi! Kunguru, jamani, naye anaishi kwa kukamata wadudu hewani! Kisha mwaka 1766 Linnaeus huyohuyo akamwandika wa Madagaska kuwa Muscicapa, yaani mkamata nzi. Ndugu wawili, nyumba mbili, mwandishi mmoja.

Waliokuja baadaye wakamtoa kwa kunguru, akakaa na wakamata nzi vizazi na vizazi. Mpaka miaka ya 1980, Wamarekani Charles Sibley na Jon Ahlquist walipolinganisha DNA za ndege. Kumbe kukamata nzi ni kazi tu, si nasaba! Ukoo wake, Monarchidae, uko upande wa mlamba na kunguru, na vipimo vya baadaye vimelithibitisha hilo. Kunguru wa peponi, baada ya miaka zaidi ya 200, karudi kwa jamaa zake. Kila nikiisimulia habari hii nafurahi upya.

Na jina la jenasi je? Terpsiphone, alilitoa Mjerumani Gloger mwaka 1827. Kwa Kigiriki ni sauti ya kufurahisha. Mwaka 1831 Mfaransa Lesson akaleta Tchitrea, lililotokana na jina la Kimalagasi, na vitabu vingi vya zamani vya ndege wa Afrika vililitumia. Lakini kanuni ni moja: aliyetangulia ndiye mwenye haki. Mimi hilo linaniuma. Jina lililotoka vinywani mwa wenyeji limeshindwa kwa miaka minne tu!

Basi ninyi wa Usambara, wa Lamu, wa Komoro: kwenu anaitwaje? Tuandikieni jina hilo pamoja na jina la kijiji. Kipindi kijacho nitayasoma yote.